Kahawa Niliyosema Nimeisikia

Chonyonyo, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Kemilembe,

Salamu tuziache, maana uliniamkia leo asubuhi nikaitikia, na chai tulikunywa pamoja. Umekwenda Kamuli kumuaga shangazi yako, nami nimebaki hapa barazani na daftari lako la zamani ambalo lina kurasa tupu nyuma. Nimeona niandike kabla hujarudi. Wewe na mimi tukikaa kuzungumza jambo zito inakuwa taabu: wewe unarudia neno mara tatu, mimi naitikia nisichokielewa, halafu tunacheka wote wawili na jambo lenyewe linapita. Kwenye karatasi angalau hutalazimika kupaza sauti.

Sitakuambia uvae nguo nzito. Hayo shangazi yako ameyasema kwenye simu mpaka nadhani Uholanzi nzima imesikia. Wala sitakufundisha kula, kusali na kujihadhari na watu. Umeishi Dar es Salaam miaka minne bila mimi na ulirudi mzima, umenenepa kidogo, na nilifurahi kukuona hivyo.

Ninalokuandikia ni hili. Juzi ulisimama pale dirishani ukiongea na shangazi yako kwa simu. Mimi nilikuwa uani nageuza kahawa kwenye turubai, hatua kama kumi kutoka ulipokuwa, nawe ukijua sisikii. Ni kweli sikusikia. Lakini miaka hii nimejifunza kusoma midomo, na mdomo wako naujua kuliko wa mtu mwingine yeyote, maana ndio nilioanza nao. Ulisema, "Siwezi kumwacha peke yake na masikio yale. Nitawaomba wa Uholanzi wanisubiri mwaka mmoja." Kisha ukasema barua ya kuomba hivyo umeshaiandika, bado tu kuituma.

Niliendelea kugeuza kahawa kana kwamba sikuona kitu. Kemi, usiitume. Nakuandikia ili ujue kwa nini mimi, kuliko watu wote, sina haki ya kupewa mwaka mwingine wa maisha yako. Nimeshachukua ya kutosha, na mengine hujui kwamba najua.

Nianzie mbali kidogo. Nikiwa kijana nilifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa kahawa kule Kayanga, miaka saba, asubuhi mpaka jioni, sikio la kulia likielekea mashine. Hatukuziba masikio. Aliyeziba alionekana mlegevu. Niliporudi hapa kijijini, chama cha msingi cha wakulima kikanipa kazi ya kupokea kahawa za wanachama, na hapo ndipo nilipopata jina. Wakati huo hatukuwa na kipima unyevu. Mkulima analeta kahawa yake ya maganda, unachota kiganjani, unafumba mkono, unatikisa karibu na sikio. Kama imekauka, punje imeachana na ganda, inagongagonga mle ndani, na sisi tulisema inalia. Kama bado ina maji, iko kimya. Huoni ndani ya ganda, huhitaji kupasua, mtikiso mmoja unakueleza hali yote. Wengine walitikisa mara tano na bado wakauma moja kwa meno kuhakikisha. Mimi mara moja tu, na hakuna aliyebishana.

Nilivimba kichwa, nisikufiche. Marehemu mama yako, mtoto wa Kihanga mwenye ulimi wake, alikuwa akisema siku nikifa wanachama watazika mwili wabaki na sikio.

Alituacha ukiwa darasa la sita. Mwaka uliofuata ndipo sauti zilipoanza kuniondoka. Hazikuondoka zote kwa pamoja, zilitangulia zile nyembamba. Ng'ombe nilimsikia, radi niliisikia, padri nilimsikia hata siku ambazo nisingependa. Ndege wa asubuhi wakanyamaza, nikadhani wamehamia kwenye migomba ya jirani. Kisha kahawa ikanyamaza. Na miongoni mwa zile sauti nyembamba zilizotangulia, mwanangu, ilikuwemo yako.

Nilidhani umekuwa mkimya. Nilidhani ni ujana, au msiba wa mama yako. Nilikuwa nakugombeza: "Ongea kama mtu, usinung'unike!" Nawe ulikuwa unaongea kama mtu. Ulikuwa unaongea kila siku, ukiwa na mzigo wa kufiwa na mama na hakuna mwingine wa kumwambia humu ndani, nami nilikuwa nakukaripia. Nimepoteza karibu mwaka mzima wa maneno yako. Hilo linaniuma hadi leo, na hakuna pa kwenda kuyaokota.

Wewe ndiye uliyegundua. Ulikuwa kidato cha kwanza, umeniletea chakula pale chamani siku ya kupokea. Ukaniona nimetikisa kahawa, nimekaza uso kama mtu anayesikiliza, kumbe namwangalia mkulima machoni ili nijue kutoka kwake kama kahawa yake imekauka.  Uliweka kikapu chini, ukasimama nyuma yangu, na mkulima aliyefuata nilipotikisa nikahisi kidole chako kwenye kiwiko changu. Ukinigusa, kavu. Usiponigusa, bado. Hatukupanga, hatukuambiana, na nilielewa papo hapo. Tukamaliza foleni nzima namna ile. Njiani kurudi nyumbani tulizungumza habari za mbuzi.

Baba wa maana angeacha kazi wiki ile ile. Mimi nilikuambia usiende shule Jumanne na Ijumaa, siku za kupokea. Mwalimu wako wa darasa alipouliza nikamwambia una malaria. Akaja mpaka hapa barazani, akavua kofia, akasema, "Shikamoo mzee. Nimekuja kuuliza, hii malaria gani inayojua Jumanne na Ijumaa?" Nikacheka kama vile ni utani. Yeye hakucheka. Misimu miwili, Kemi, ulikuwa sikio langu, na jioni ulikuwa unanakili madaftari ya wenzako kwa mwanga wa simu yangu. Nilikuona ukifanya hivyo. Nilikuwa najiambia kwamba una kichwa chepesi, utawafikia tu. Na kwa kuwa uliwafikia, nikajiona sikufanya kosa.

Hapa nitasimama kidogo nikukumbushe kitu cha mwezi uliopita, kwa sababu ndicho kilichonifungua.

Nilikuuliza hiyo nyota unayokwenda kuisoma ikoje, na kwa nini mtu aende mpaka Uholanzi kwa ajili ya nyota wakati hata hapa Chonyonyo anga letu lina nyota za kumwaga. Ukaniambia hii haionekani kwa macho. Ni nyota iliyokufa ikajikunja, ndogo kiasi kwamba kama kungekuwa na barabara mtu angeizunguka kwa pikipiki akarudi kabla ya chakula cha mchana, lakini uzito wake unalishinda jua. Juu ina ganda gumu kuliko chuma chochote, na sumaku ambayo hakuna mfano wake duniani. Siku moja moja, bila taarifa, ganda linashindwa kuvumilia, nyota inalipuka mwanga, na nyota nzima inatetemeka kama ardhi ilivyotutetemekea sisi watu wa Kagera. Nikakuuliza, sasa ndani yake mnajuaje, maana hakuna wa kwenda kupasua. Ukasema, kwa mtetemo. Nikakuambia, basi mnasikiliza. Ukatikisa kichwa kukataa.

Ukaleta ile sufuria pana, ukaitia maji, ukaiweka juani pale mlangoni, ukalaza simu yako chini ya kitako chake ukafungulia wimbo. Mimi sikusikia wimbo. Ukanishika kidevu ukanielekeza niangalie dari. Mwanga wa jua uliotoka kwenye maji ulikuwa umekaa pale darini, na ulikuwa unatetemeka, mara haraka haraka, mara unatulia, mara unarudi. Ukaja mbele yangu ukasema taratibu, "Baba, huo ndio wimbo. Sisi pia hatusikii nyota. Hakuna anayesikia. Tunaona mwanga wake unatetemeka, tunahesabu."

Nilisema ni moshi wa jikoni umeniingia machoni. Jikoni hakukuwa na moto, na wewe ulijua.

Jioni ile ulinieleza mengine, na nilikufanya urudie mpaka nikaelewa. Kwamba mlipuko mkubwa wenyewe ni wa kufumba na kufumbua, kisha mwanga unafifia kwa dakika chache, na humo ndani ya kufifia ndimo mtetemo ulimo, mwembamba, makumi ya mara katika sekunde moja. Kwamba milipuko mikubwa kiasi hicho iliyowahi kunaswa inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vinabaki. Na kwamba baada ya mtetemo kuonekana katika mmoja, watu walirudi kwenye kumbukumbu za mlipuko mwingine wa miaka ya nyuma, wakakuta nao ulikuwa unatetemeka vilevile. Ulikuwemo siku zote. Hakuna aliyekuwa ameutafuta.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi kwenye kumbukumbu zangu. Sasa nifike pale ambapo wewe na mimi tumepapitia pembeni miaka yote hii.

Ile Ijumaa. Ulikuwa kidato cha pili na una mtihani wa muhula. Ulinibembeleza tangu Jumatano, na mimi kwa ukarimu wangu mkubwa nikakuruhusu uende shuleni kwako mwenyewe. Ningeweza kusema naumwa. Ningeweza kumwomba karani anisaidie kutikisa. Badala yake nilikaa pale peke yangu mbele ya foleni, na mvua ilikuwa imenyesha juma zima, kahawa nyingi zilikuwa hazijakauka. Nikatikisa, nikafumba macho kidogo kama ilivyokuwa kawaida yangu, nikasema "kavu." Nikatikisa tena, "kavu." Unajua Kemi, kuna mahali nilianza kuamini. Watu walikuwa wamenikodolea macho, mkono unatikisika, na kabisa nikahisi kama kuna kitu kinagonga mle ndani. Hakikuwepo. Nilisikia kisichokuwepo kwa sababu nilikuwa natazamwa.

Baada ya kupokea wengi mfululizo nikaogopa wataona nimelegeza kamba. Nikaamua lazima nimrudishe mtu. Aliyefuata alikuwa Ma Leonia, jirani yetu, mjane, aliyeleta gunia lake kwa baiskeli ya kuazima. Nikatikisa, nikasema mbele ya watu wote, "Mama, hii bado mbichi, karudi ukaanike."  Akasema tu, "Haya, Baba Kemi." Kahawa yake ilikuwa imekauka kuliko zote, nilikuja kujua baadaye kwa kuuma punje iliyobaki kiganjani. Akalipakia gunia akarudi nalo, na alipopita, foleni ikampisha kama mtu aliyekamatwa anaiba.

Zile nilizozipokea zikapata joto ghalani, zikaota ukungu, magunia yakarudishwa kutoka ghala kuu. Mwenyekiti akaitisha mkutano. Wewe ulikuja ukakaa nyuma na akina mama. Nikaulizwa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema kweli, nakuapia, nilikuwa na maneno kabisa. Nikasimama, nikaona zile nyuso, nikasema, "Msimu huu nimekuwa nikisaidiwa na mtoto kutikisa. Nadhani mtoto amenichanganya."

Siku ile hukuwepo hata karibu na chama. Ulikuwa kwenye chumba cha mtihani. Ulikuwa na kila haki ya kusimama ukasema hivyo, na ungesema ningekwisha. Ukasimama. Mdomo wako niliuona vizuri kutoka mbele kule, na nadhani ndilo neno la kwanza nililowahi kulisoma mdomoni mwa mtu: "Ndiyo, ni mimi. Nilikosea. Naomba mnisamehe."

Miaka kumi sijawahi kukushukuru na sijawahi kukuomba radhi. Nilikununulia viatu vya shule wiki iliyofuata, ukavipokea kwa mikono miwili ukapiga goti, na mimi nikaona tumemaliza. Nisamehe, Kemilembe. Nilikutupa mbele ya watu ili nibaki na jina, na jina lenyewe lilikuwa la sikio lililokufa.

Nilikuwa nahesabu kwamba kijiji kimekuwekea alama ya kosa lile. Nilikuwa naona. Tukienda kumtembelea Ma Leonia, wewe na mimi, alikuwa anatupa viti, anatupa maji, lakini kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna hakikutoka. Wewe unajua humu kwetu maana yake ni nini, mgeni kuketi mpaka anaondoka bila kuwekewa kahawa: hatakiwi. Nilikuwa nakutazama kwa pembeni, nawe unaongea naye kwa heshima zote, shikamoo mama, habari za maharage, na moyo wangu unauma nikijua mtoto ananyimwa kwa kosa langu. Nilisikia uchungu huo kila mara, na kila mara nilirudi nyumbani nao bila kufungua mdomo.

Leo ulipopanda pikipiki kwenda Kamuli, nimeenda kwake.

Nimemkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikaketi, nikamwambia yote, Ijumaa ile, gunia lake, mkutano, nikimaliza haraka haraka kabla sijabadili nia. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akaweka ungo chini, akasogea mbele ya uso wangu na kusema polepole ili nione.

"Baba Kemi, mtoto ile siku alikuwa kwenye mtihani. Mjukuu wangu alikaa naye dawati moja. Nilijua kabla hata mkutano haujafungwa."

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mtoto amesimama mbele ya watu anamfunika baba yake, mimi nani nikamfunue?"

"Lakini kahawa umemnyima miaka yote hii."

Hapo akacheka, mwanangu, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nimnyime Kemi? Mimi nilikunyima wewe! Kikapu kikitoka nawe umeketi pale, si lazima nikupe? Mtoto alipokuja peke yake alikula na mfukoni akatia. Hajakwambia?"

Hukuniambia. Miaka kumi unatafuna kahawa ya Ma Leonia kisirisiri na hukuniambia, kwa sababu kuniambia kungekuwa kunieleza kwamba nimeshajulikana.  Nikajaribu kujikaza, nikamwambia basi, na jambo lingine ni kwamba masikio yangu hayasikii vizuri, watu hawajui, ningependa lisitangazwe. Akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Baba Kemi. Kwa nini unadhani watu wakija kwako wanakaa upande wa kushoto wote? Kwa nini padri anakuweka benchi la mbele? Wajukuu zangu wakitumwa kwako wanakumbushwa: simama mbele yake, usimwite kwa nyuma. Kijiji kizima kinajua. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi na nikiwa na hasira. Hasira kwa sababu miaka yote ile nilikuwa najificha nyuma ya mgomba mmoja na watu wananiona miguu. Nikakaa hapa nikajiuliza nikupe nini cha kubeba, maana mali sina na elimu yako imeshanipita mbali. Ninacho hiki kimoja tu, nimekipata kwa kukuumiza wewe, kwa hiyo ni chako.

Huko uendako utakaa mbele ya mwanga wa hiyo nyota uliokwisha kufifia, na utatafuta mtetemo mwembamba kuliko wa kahawa. Uliniambia mwenyewe kwamba milipuko mikubwa haiji kila siku, kwa hiyo mtatafuta kwenye ile midogo, na humo mtetemo unafanana sana na kelele tupu. Kutakuwa na watu wazito wanakutazama. Wengine watakuwa wamesubiri miaka. Utaona hamu yao usoni, kama nilivyoona ya wale wakulima, na mkono wako mwenyewe utaanza kuhisi kitu kinagonga. Siku hiyo nikumbuke mimi, si kwa sifa. Useme, "Mimi sijasikia." Ni maneno mawili mepesi, wala hayaui. Yangekutoa wewe kwenye ule mkutano. Yangempumzisha Ma Leonia na baiskeli ya watu.

Na ukikosea, maana utakosea, usitafute mdogo wa kumsimamisha.

Basi. Kuhusu mimi, nisikilize vizuri, kwa sababu najua ndipo ulipong'ang'ania. Shangazi yako atakuja kukaa hapa baada ya mavuno, na atanipigia kelele kuliko wewe. Ma Leonia amesema wao wapo, na kwamba nikinuna nitavutwa. Kahawa yangu sasa naijua kwa vidole: nikiifumbata na kutikisa, ile kavu inanitekenya kiganjani, na ile mbichi haifanyi kitu. Nimeigundua mwaka jana na nilikuwa naona haya kukuambia. Simu nitakuwa naandika ujumbe, usiponielewa ujue ni miwani. Na upweke utakuwepo. Sitakudanganya kwamba hautakuwepo. Nitakuwa naweka vikombe viwili asubuhi kwa mazoea, nitajiona mjinga, nitarudisha kimoja. Hayo ni ya baba yeyote mwenye mtoto aliyefika mbali, na nayataka.

Nakupenda, Kemi. Sijawahi kukuambia kwa mdomo kwa sababu nilikuwa naogopa utajibu nami nisisikie jibu. Ni sababu ya kipumbavu lakini ndiyo yenyewe.

Jua limeshuka kwenye mgomba wa mwisho, pikipiki yako haitakawia. Barua hii nitakupa mkononi tukishakula, kisha nitatoka kwenda kwa ng'ombe, maana sitaki kuuona uso wako ukisoma yale ya mkutano. Ukimaliza usije kunifuata zizini kuniambia umenisamehe. Lala. Gari la Bukoba linaondoka Omurushaka saa kumi na mbili asubuhi, na tukichelewa shangazi yako atatuua sote.

Limebaki jambo moja, nililiacha mwisho kwa woga. Nilipotoka kwa Ma Leonia nilipitia kwa mwenyekiti. Ijumaa hii wanachama wanakutana, na nimemwomba anipe nafasi kabla ya mambo mengine yote. Nitawaeleza kahawa ile ilipokelewa na nani, na mtoto alikuwa wapi. Ma Leonia anasema wanajua tayari. Sawa, lakini hawajasikia kutoka kwangu.

Najua ungependa kuwepo. Ungekaa nyuma na akina mama kama siku ile. Ndiyo maana nakuomba uwe umeshafika mbali, mwanangu, nchi nyingine kabisa. Ukiwepo, utaona miguu yangu inatetemeka, na utasimama tena kunifunika. Nami, ninavyojijua, nitakuacha usimame.

Baba yako